Nani Alitupoteza Mlima Kenya

Mjukuu wangu Halima,

Salaam nyingi kutoka hapa Garsen. Sisi wazima, ila bibi yako goti linamsumbua, na ng'ombe wa jirani wamekula nusu ya mpunga wetu. Juu ya hayo, ndiyo inafika barua yako. Kumbe babu yako Buya, mdogo wangu, amekwambia mimi ndiye niliyetupoteza Mlima Kenya. Mtu mzima yule hachoki?

Sikiliza, maana na wewe unataka kupanda na wenzako wa shule. Miaka ile ya hamsini mimi na Buya tulikuwa wapagazi wa wazungu wawili waliopanda vilele siku sita mfululizo. Siku ya nne ukungu ukatutenga nao. Mpagazi mwenzetu Mmeru akasema tubaki juu, tungoje. Tukamcheka. Kwetu ukipotea unafuata maji, yanakufikisha kijijini. Tukateremka na kijito hadi alasiri, kikaporomoka jabalini, sisi tukabaki tunachungulia. Kurudi juu kulikula siku nzima, na wazungu walikuwa wameshapanda kilele chao bila sisi.

Tangu hapo kila Idi ni lawama, yeye kwangu, mimi kwake, mbele ya watoto. Nimechoka.

Haya, nakwambia wewe tu. Pale kijitoni, kabla hatujateremka, Buya alisimama akasema, "Kaka, huyu Mmeru, hapa ni kwao, tumsikilize." Nikamwambia anyamaze, mambo ya maji nayajua.

Usimsomee barua hii. Nitamwambia mwenyewe, akinipa nafasi ya kusema.

Babu yako