Gari Lako Halikufa, Baba

Baba, shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini hukunilea nianze maneno na mkubwa bila salamu.

Nakuandikia habari za gari. Siku ya maziko yako vijana wa mtaa waliliosha ili likawachukue wajomba Miono. Waliliosha kwa mapenzi, Baba. Wakafungua hadi boneti, wakamwaga ndoo baada ya ndoo ya maji ya kisima, maji yale yale ya chumvi uliyokuwa ukiyakataza: "Ya kisima tunanawia miguu, gari halioshwi." Nani angewazuia siku ile? Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nalia. Gari likaenda Miono, likarudi. Baadaye taa zikaanza kufifia, na asubuhi moja likagoma kabisa.

Watu wakasema limemfuata mwenyewe. Hakuna neno lililoniudhi kama hilo katika msiba mzima. Gari halina roho, lina waya, na waya huliwa na chumvi.

Mafundi walikuja. Wa kwanza akasema betri imekufa, wa pili akasema stata imekufa. Kila mmoja na maiti yake. Baba mdogo akachoka. Akasema Ijumaa baada ya swala watu wa skrepa watakuja kulikatakata. Mama yuko eda, hatoki. Aliposikia aligeuzia uso ukutani tu. Mimi nikamwambia Baba mdogo anipe mpaka hiyo Ijumaa. Akacheka, akasema huku si kusuka ukili wa mkeka.

Nikavaa ovaroli yako, nikaikunja mikono na miguu. Nikafungua hasi ya betri kwanza, kama ulivyonifundisha, kisha nikachomoa plagi za waya moja moja. Ndani kulikuwa na unga wa kijani, Baba, kama mkate uliolala na kuota ukungu. Nikasugua kila pini kwa mswaki mkuukuu na msasa laini, nikafuta, nikaziacha zikauke juani, nikapaka grisi kidogo kabla ya kuzichomeka. "Kidogo, hupiki maandazi," ndivyo ulivyokuwa ukinigombeza. Nikarudisha betri, nikapiga swichi. Likagoma.

Nilikaa chini nikakukasirikia, nikuambie ukweli. Umeondoka na mimi bado nina maswali.

Halafu nikajilaza chini ya gari. Ule waya mnene wa ethi, unaotoka kwenye hasi ya betri kwenda kwenye chesisi, ukiuona kwa juu ni mzima. Kwa chini ulikuwa umeliwa hata bolti haionekani. Umeme ulikuwa unatoka na hauna njia ya kurudi. Nikaukwangua mpaka shaba ikang'aa, nikakwangua na chuma unapofungwa, nikaukaza kwa nguvu zangu zote.

Leo alasiri, Alhamisi, limewaka kwa mara moja, na kile kikohozi chake. Na kutoka chumbani Mama akaita, kwa sauti sijaisikia tangu uondoke: "Bandikeni chai, baba yenu huyo karudi."

Kisha nikasikia kilio chake.

Sikuzima injini. Niliingia na grisi yangu mikononi nikamkumbatia, tukalia mpaka Baba mdogo alipofika. Alisimama mlangoni akasikiliza, kisha akawapigia simu watu wa skrepa wasije. Hakunitazama.

Jumamosi nalipeleka Mbegani kubeba samaki. Barafu itachuruzika chini kama kawaida yake, na kila nikirudi nitalisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ya bomba. Nakuahidi hilo. Na Mama akitoka eda, atakaa kiti cha mbele, nitamleta makaburini akusalimie.

Pumzika, Baba, Mungu akupe nuru huko. Ukisikia gari linakuja, ujue ni mimi nimeshika usukani.

Mwanao,
Zuhura