Nafasi ya Mukono Wangu

Walikale, 4/3/2013

Kaka Théophile,

Salamu kwako, kwa muke wako Josiane na watoto. Mumelala vipi huko Sake? Siye tunapumua, Mungu iko.

Ile risasi ya mwezi wa kumi na moja ilipita juu ya kiwiko. Kidonda kimepona, lakini vidole viwili vya mwisho vimejikunja, jembe sishiki tena. Infirmier, muuguzi wa hapa, anasema neva ilikatika, na musuli ukikaa muda murefu bila neva unakauka. Munganga mwenye kushona neva anafika Goma mwezi wa tano, anapokea wagonjwa wachache tu. Niandikishe, sababu wewe njo uko karibu na Goma.

Mudogo wako, Léontine

Sake, 20/3/2013

Mudogo wangu,

Pole sana. Huku wote wazima. Nimekuandikisha. Usitoke huko mpaka nikuite, barabara ya Masisi iko mubaya.

Kaka yako, Théophile

Walikale, 2/6/2013

Kaka,

Uko muzima? Watoto je? Mwezi wa tano umeisha, wewe haukuniita. Nyama kati ya kidole gumba na cha pili imebonyea. Niambie kama munganga amechelewa.

Mudogo wako

Sake, 19/6/2013

Mudogo,

Tuko salama. Munganga hakukuja, sababu ya vita. Vumilia.

Kaka yako

Goma, 25/11/2013

Théophile,

Nasalimia watoto.

Nilisikia munganga amerudi, nikaja peke yangu. Aliona jina langu, akaniangalia. "Léontine alishakuja mwezi wa tano. Mama muzee, mikono imelegea."

Nikakumbuka mikono ya mama-mukwe wako Emérita, nikaenda kwake. Akasema, "Mwanangu, Théophile na Josiane waliniambia wewe ulikataa, nipite na jina lako." Munganga alimuambia ule ni uzee: neva zinaachilia musuli pole pole, moja moja, hakuna mahali pa kushona. Akamurudisha nyumbani.

Neva yangu ilikuwa na mahali pa kushona. Sasa, munganga anasema, hata akishona, neva itafika mukononi na kukuta musuli umekufa.

Emérita alilia, akaniomba musamaha. Yeye alidanganywa kama mimi.

Léontine

Sake, 10/2/2014

Mudogo wangu mupendwa,

Unaendeleaje? Hii njo barua ya nne nakutumia tangu ile yako ya Goma. Josiane alinisumbua, ningemukatalia mama-mukwe namna gani? Wewe ulikuwa bado kijana, nilifikiri utapona tu.

Shoferi mwenye kukuletea barua zangu anasema unazipokea, unamupa chai, unamuuliza habari za watoto wangu. Akisubiri jibu, unamutakia safari njema.

Kaka yako, Théophile