Kifuniko Kilichopungua Kidole Kimoja

Alhamisi. Mvua imeanza saa nane mchana na bado haijakata. Nguo za mtoto zimejaa kwenye kamba hapa ndani, zinanidondokea nikiandika.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Karibu wiki sita sijaandika kwenye blogu hii. Kila nikishika simu mwanangu Moraa anaamka, au maharagwe yanaungua, au mimi mwenyewe nasinzia simu ikiwa mkononi. Lakini wiki hii sababu ilikuwa nyingine. Niliogopa, maana nikishaandika siwezi tena kujidanganya kwamba haikutokea.

Nyoka alitoka.

Kwa wewe uliyefika hapa leo: mume wangu yuko Pwani, anajifunza kazi kwenye kituo cha nyoka. Aliniachia nyoka wake mmoja wa kahawia, wale wanaopenda kukaa karibu na nyumba wakila panya. Hana sumu. Kibali kipo, kimebandikwa ukutani, kina jina lake, Baba Moraa. Anakaa kwenye sanduku la kioo ambalo zamani lilikuwa la kuuzia mandazi. Sijampa jina. Nikimpa jina nitamzoea.

Mama mkwe alikubali kwa shingo upande. Alisimama pale mlangoni na jembe lake begani akasema, "Siku nitamkuta nje ya hicho kioo, mimi sitauliza kibali."

Na si yeye tu. Nyoka akionekana akitoka kwa nyumba ya mwanamke anayelala peke yake na mtoto, hapa kwetu hakuna atakayeuliza ni wa aina gani. Wataanza kumwangalia huyo mwanamke kwa jicho lingine. Hilo jicho naliogopa kuliko meno ya nyoka.

Kifuniko cha kwanza kilikuwa kipande cha plaiwudi, na juu yake kiboko cha kuchonga, cha mawe laini ya Tabaka, kile kilichovunjika sikio kikakosa mnunuzi. Kilitosha mpaka Moraa alipoanza kusimama. Ana miezi kumi, anashika chochote. Siku moja alivuta plaiwudi, kiboko kikateleza mpaka ukingoni, juu kabisa ya kichwa chake. Nilikidaka.

Nikaamua kifuniko kitengenezwe, tena cha maana.

Baba mkwe ni fundi wa milango na vitanda pale Nyaramba. Lakini chinsoni, ile heshima yetu, haimruhusu kuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa. Na kuburuta kioo chenye nyoka mpaka uwanjani, majirani wakitazama, singeweza. Kwa hiyo nilienda nyuma ya nyumba, nikachuna kamba kwenye mgomba, nikapima urefu nikapiga fundo, nikapima upana nikapiga fundo. Nikampelekea kamba.

Aliitundika kwenye msumari, akamaliza kwanza mlango wa watu. Siku ya tatu akanipa fremu nzuri, mbao zimepigwa randa, katikati ameweka waya wa kuanikia kahawa, ule wenye matundu madogo. Nikamshukuru. Nikaiweka juu ya kioo.

Imepungua upande mmoja. Kidole kimoja.

Hapa ndipo kosa langu lilipo. Niliona aibu kumrudishia mzee kazi yake. Nikajiambia kidole ni kitu gani. Nikaziba lile pengo na nepi iliyokunjwa.

Jumanne asubuhi nepi ilikuwa sakafuni na sanduku halina mtu. Naandika mtu, lakini unanielewa. Moraa alikuwa anatambaa chini ya meza. Nilimnyanyua nikamfunga mgongoni, nikatafuta chini ya kitanda, kwenye gunia la mahindi, ndani ya sufuria. Sikupiga kelele. Nilikuwa natafuta huku nikihema kama mtu aliyepanda mlima.

Mama mkwe akabisha hodi. Gambuti zake, zile buti za mpira, zimepasuka, anaenda kuchuma chai, anaomba za mwanawe. Zilikuwa hapo hapo mlangoni, naye alishaanza kuinama azichukue. Sijui ni nini kilichoniambia nimzuie.

"Ngoja Mama, nizipanguse kwanza, zina vumbi."

Nikaziingiza chumbani. Kwenye ya kushoto nyoka alikuwa amejikunja, ametulia kabisa. Nikainamisha gambuti juu ya foronya, akateleza ndani, nikaifunga fundo. Halafu nikapangusa gambuti kweli, nje na ndani.

Mama akazivaa. Akaniangalia akasema, "Umepangusa hata ndani. Asante, mwanangu."

Hiyo asante naibeba siku ya tatu sasa.

Siku hiyo hiyo, nyoka akiwa bado ndani ya foronya, nilimrudishia Baba fremu nikamwambia wazi imepungua. Akaitoa kamba kwenye msumari. Ilikuwa imekauka, imejikunjakunja kama utepe.

"Mama Moraa, ulinipimia na mgomba mbichi?"

"Ndiyo, Baba."

"Na mimi nikakata kwa mkavu. Basi tumekosea wawili."

Akaja jana na tepu ya kupimia. Alinipitishia dirishani, akasimama nje akiwa ameupa ukuta mgongo, akisikiliza nikimsomea namba. Akaongeza ubao upande uliopungua, na chini ya fremu akapigilia mbao nyembamba za kuingia ndani ya kioo, ili kifuniko kisiteleze hata kikisukumwa. Ncha za waya amezifunika kwa mbao, nyoka asijikwaruze pua.

"Anafanya nini huyo?" akauliza, bado ametazama mgombani.

"Amelala, Baba."

"Alitoka?"

Nilimpitishia tepu yake dirishani.

"Usiniambie. Nikijua, lazima Mama yako ajue."

Sasa kifuniko kimekaa sawasawa. Lakini kimefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, na Moraa ameshaugundua. Anauvuta, unalia paa, anacheka. Mimi silali. Siku kitakapofungwa kwa chuma, nitamwambia Mama mwenyewe kuhusu gambuti. Si kabla ya hapo.

Kwa hiyo, Baba Moraa, najua unasoma hapa kabla hujasoma meseji zangu. Nitumie bawaba mbili ndogo zisizoshika kutu. Makomeo mawili, magumu, ambayo kidole cha mtoto hakiwezi kuyasukuma. Kufuli moja ndogo na funguo zake zote, usibaki na hata mmoja. Skurubu ishirini na nne fupi, zisitokeze upande wa pili. Foronya moja, hii tuliyonayo simlazi mtoto juu yake tena. Gambuti mpya za Mama, namba sita, asiombe zako tena.

Na tarehe ya kuja kumchukua nyoka wako. Andika siku na mwezi.