Siku Uliyokuja Kuniozesha

Baba yangu kipenzi,

Shikamoo. Leo ni siku ya tisa tangu niwe mke wa mtu, na kila nikiamka namtazama Rashidi alivyolala, nacheka peke yangu. Nimeolewa, baba! Na umeniozesha wewe!

Nikwambie ukweli: sikukutegemea. Baba mdogo alishapiga pasi kanzu yake, tayari kuniozesha kwa niaba yako. Ulipotuacha Mtoni ukaenda kuanza maisha mengine Lindi, mie nilikuwa darasa la tatu. Kila Idd ulituma salamu kwamba unakuja. Kila Idd nilikaa mlangoni na gauni jipya mpaka magharibi, mama akiniita, "Ingia ule, mwanangu."

Basi Ijumaa ile nimekaa chumbani, nimejitanda ushungi, mlango ukafunguliwa. Aliyeingia kuniuliza ni wewe.

"Mwanangu, umeridhia nikuozeshe kwa Rashidi?"

Nikasogeza ushungi nikuone vizuri. Somo yangu, aliyenifunda wiki nzima, akanifinya. "We bibi harusi, jibu! Baba'ako anangoja."

Unaningoja! Wewe, mie! Nikalia, nikacheka, nikasema, "Nimeridhia, baba," kwa sauti iliyofika kwa majirani kabla ya vigelegele.

Na hukukimbia. Ulikula pilau, ukanimenyea chungwa kama zamani, ganda likashuka refu bila kukatika, ukanizungushia mkononi. "Bangili ya bibi harusi." Rashidi naye akanyoosha mkono wake, mtu mzima yule! Ukamwambia, "Tulia, mkwe, huyu kwanza." Huyu kwanza. Nilitamani kuruka.

Kesho yake ukaaga. "Idd nakuja," ulisema. Zamani usiku huo nisingelala. Safari hii nilikubusu mkono, nikakutakia safari njema. Sikuuliza Idd ipi.

Sina kinyongo, baba. Ijumaa ile nimeipokea nzima, na Jumamosi uliyoondoka haikupunguza hata punje. Siidai inizalie nyingine.

Ganda nimeliweka dirishani kwetu, limekauka, bado linanukia.

Idd ikifika nitavaa gauni jipya, nitapika pilau ya watu wawili, nitakaa ndani kando ya mume wangu, tule ingali moto. Ukipiga hodi, tutaongeza sahani.

Ni mie binti yako, uliyeniozesha kwa mdomo wako mwenyewe.