Nyumba ya Bi Shariffa

Kibokoni, Mombasa
Mwezi 3 Mfunguo Pili 1327. Wazungu wasema ni 1909

Kwa Shangazi yangu Bi Shariffa,

Asalaam aleikum. Vipi kifua na hewa ya Lamu? Afaf na watoto hawajambo? Mimi mzima, nyumba nzima, paka amezaa ndani ya pakacha na sikumfukuza.

Shangazi, kuna jambo. Juzi amekuja mtu hapa barazani, jina lake Joab, Mkristo wa Rabai, karani wa reli kule Kilindini. Amesalimu vizuri, akavua kofia. Akasema amesikia nyumba hii haina mwenyewe tangu marehemu bwana wako afe. Nikamwambia ina mwenyewe, yuko Lamu kwa bintiye. Akaniuliza, "Yuwarudi lini?" Nikaviambia viatu vyake kuwa nitakuuliza.

Ataka kupanga, yeye na mkewe na mamake. Kilindini wanalala kama dagaa. Atangoja jawabu mpaka Mfunguo Tatu uishe, kisha atatafuta pengine.

Huku toroli zimezidi. Mtu wa kwenda Ndia Kuu tu yuwapanda, asukumwe juu ya vyuma kama gunia. Jana nimeona Mzungu kalala ndani, mdomo wazi, na wale wasukumaji wanamwimbia nyimbo ya kumbembeleza mtoto.

Nimjibu nini Joab?

Mwanao,
Faraj


Mkomani, Lamu
Mwezi 19 Mfunguo Pili

Mwanangu Faraj,

Waaleikum salaam, na Mungu akuzidishie. Kifua kimetulia, sasa ni magoti yaliyogombana na ngazi. Afaf akusalimu, na watoto wauliza paka amezaa wangapi.

Barua yako nimeisoma mbele ya Akil, mume wa Afaf. Akasema, "Mama, kaa kwetu. Nyumba mpe huyo karani. Mji ule si ule." Kila mtu hapa aniambia mji ule si ule, na hapana hata mmoja aliyekwenda kuutazama! Nyumba ile nimeingia bibi arusi. Siwezi kuitoa kwa maneno ya watu walioketi Lamu.

Basi fanya hivi. Toka. Zunguka kwa majirani uwaulize mtaa waukaaje siku hizi, na iwapo mtu kama mimi aweza kuuishi. Niandikie wasemavyo, hata wakinitukana. Nakujua wewe, ukisalimiwa na mbuzi waona haya. Lakini mato unayo na masikio unayo, na hayo hayaoni haya.

Joab mwambie angoje. Nikirudi, nirudi. Nisiporudi, aingie.

Shangazi yako,
Shariffa


Kibokoni, Mombasa
Mwezi 8 Mfunguo Tatu

Kwa Shangazi yangu,

Salamu nyingi kama mchanga. Magoti yasemaje? Waambie watoto wa paka ni wanne na mmoja hana mkia, sijui kwa nini.

Nimetoka. Nilikwenda kuketi barazani kwa Bwana Sheikhan, jirani yetu wa mbele. Kuuliza sikuuliza, lakini wanaume wa barazani huwaulizi. Wewe keti tu, watasema.

Bwana Sheikhan asema mji umehama. "Meli kubwa zote zenda Kilindini. Wakubwa wajenga Kizingo. Hapa kwetu pamebaki tende na papa."

Hamid muuza kahawa akamwambia, "Mbona mimi mwaka huu nimeuza kahawa kuliko mwaka jana?"

"Kwa sababu watu wana huzuni. Mtu mwenye huzuni hunywa."

"Basi Mungu awazidishie!"

Bwana Sheikhan akamrushia kofia.

Nikarudi nyumbani nikawaza, haya ni ya wanaume. Shangazi hataishi barazani. Na wanawake nitawaulizaje? Nikaiacha kazi yako hapo.

Wajua mlango wetu wa wikio, lile daraja la juu ya uchochoro, mnapovukia wanawake kwenda kwa Bi Alawiya mkewe Bwana Sheikhan. Tangu uende nimeutia komeo, kwa kuwa mwanamume hapiti huko. Asubuhi moja nikasikia wagongwa.

"Faraj!"

"Labeka."

"Nasikia wauliza watu habari za mtaa. Kwangu hukufika. Mimi si mtu?"

"Ni mtu, Bi Alawiya."

"Basi usifungue. Keti hapo hapo unisikize."

Nikaketi, mgongo wangu kwenye mlango. Ajabu, Shangazi! Ubao ukiwa katikati, ulimi wangu wafunguka. Nilimuuliza kila kitu. Na kesho yake nikasikia nyayo nyingi upande wa pili. Alikuwa amewaita wanawake wa mtaa mzima, wamejaa ndani ya wikio, wote wasema pamoja.

"Mwambie Shariffa kuna barafu! Jiwe baridi, ukilinyonya meno yalia!"

"Mwambie kelele. Toroli tangu alfajiri, kwa kwa kwa kwa."

"Mwambie tumekwenda kulitazama gari la moshi!"

Nikauliza, "Mmekwenda kwa shiraa?"

Wakacheka mpaka mlango ukatikisika.

"Shiraa gani, wewe! Hema lile libebwe na nani, na watumwa wamekuwa huru? Sasa ni buibui. Kila mtu na lake, na miguu yake."

"Ukilivaa hata mumeo hakujui. Mwanabaraka kampita mumewe sokoni, kamsikia asifu mchuzi wa nyumba nyingine!"

"Uongo!"

"Wallahi! Na siku hiyo alikula mkate mkavu."

Hivyo ndivyo wasemavyo. Mji una kelele, una vumbi, una wageni, na wao wautembea. Wote walisema urudi.

Kisha wenzake walipoondoka, Bi Alawiya akasema taratibu, "Kuna na hili. Boriti za wikio zimeliwa na mchwa. Na magari ya marobota yapitayo chini kila siku huligonga. Fundi Kahindi asema litawaangukia watu. Nusu yetu, nusu ya Shariffa. Bwana ataka tulivunje. Muulize, atoe idhini."

Sasa nakuuliza.

Mwanao,
Faraj


Mkomani, Lamu
Mwezi 20 Mfunguo Tatu

Faraj,

Salamu. Sisi wazima.

Idhini nimetoa. Sitaki damu ya mtu kwa ajili ya boriti zangu.

Na likishavunjwa, Joab mwambie aingie. Vyombo vyangu vitie katika chumba cha nyuma. Usiniulize kwa nini.

Shangazi yako


Kibokoni, Mombasa
Mwezi 11 Mfunguo Nne 1328

Kwa Shangazi yangu mpenzi,

Salamu, na mwaka mpya uwe wa heri kwako na kwa wote. Nimengoja uniandikie zaidi na hukuandika, basi naandika mimi.

Wikio limevunjwa. Kahindi na watu wake walilishusha ubao kwa ubao, na watoto wakaokota misumari. Sasa uchochoro umeingia jua ambalo halijapata kuingia. Hamid amesogeza majiko yake, asema jua lamchemshia kahawa bure. Bwana Sheikhan, aliyetaka livunjwe, sasa alalamika kichwa chamwuma kwa mwanga. Mlango wetu wa juu umebaki, ukiufungua mbele yako ni hewa. Wa Bi Alawiya vivyo hivyo. Wanawake husimama hapo wakaitana, na mtu akipita chini hajui atazame wapi.

Joab bado sijamwambia. Mfunguo Tatu umekwisha, lakini alipokuja nilimwomba angoje kidogo, akakubali. Sikukaidi, Shangazi. Sikufahamu tu. Wanawake wamesema urudi, nawe mwenyewe ulitaka kurudi, nilikuona katika maneno yako. Kisha nikataja kuvunjwa kwa wikio na maneno yakageuka. Bahari ya Lamu umeivuka ukitapika. Waogopa uchochoro?

Jambo jingine. Wamkumbuka Zafarani, aliyekuwa akishika mti wa mbele wa shiraa yako? Sasa auza mikate ya mofa kwenye kona ya msikiti, amenenepa. Nilinunua mkate, akaniuliza, "Bibi yako yuwarudi?" Nikamwambia ulivyoandika. Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Akasema, "Mwambie arudi. Lakini safari hii mti ashike mwenyewe."

Nikalipa mkate.

Akasema tena, "Na muulize kama aijua kona hii. Mimi nilikuwa nje. Yeye alikuwa ndani."

Sikujua ana maana gani. Nimeandika kama alivyosema, kwa kuwa uliniambia niandike hata wakikutukana.

Kila siku napita kwenye chumba chako nafungua dirisha. Sina la zaidi.

Mwanao,
Faraj


Mkomani, Lamu
Mwezi 2 Mfunguo Tano

Mwanangu Faraj,

Waaleikum salaam. Nilikuandikia vibaya. Usiniwekee moyoni.

Zafarani hana kosa. Amekuambia kitu ambacho mimi sikumwambia hata binti yangu. Sikiza, na usimsomee mtu.

Siijui ndia ya kwenda nyumbani kwangu.

Usicheke. Kwa Alawiya nilipita juu, na kwa Alawiya nikapita kwa jirani yake, nyumba kwa nyumba. Nikitoka mbali, nilitoka ndani ya shiraa. Ndani ya shiraa huoni mji. Waona visigino vya aliye mbele, na mawe, na ganda la ndizi. Zafarani akigeuka, nageuka. Akisimama, nasimama. Kona ngapi, sijui. Msikiti nausikia adhana, sijui una rangi gani. Mlango wangu mwenyewe kwa nje sikumbuki umechongwa nini, niliingia siku ya arusi mato yameinama.

Akina Alawiya wamejifunza pamoja, kidogo kidogo, nami sikuwako. Sasa nikishuka forodhani nitasimama kama mzigo uliokosa jina. Utasema utanipokea. Utanipokea siku moja, na kesho je? Kila nikienda matangani nikuite? Na nikiuliza ndia, watasema Bi Shariffa, aliyezeeka Kibokoni, auliza kwake! Watanicheka mpaka Makupa. Hapa Lamu mimi ni mgeni, na mgeni haoni haya kuuliza.

Wikio lilikuwa ndia yangu moja niliyoijua kwa mato yangu.

Ikiwa waweza kuniandikia ndia hiyo kwa maneno, tangu forodhani hata mlangoni, niandikie. Huwezi, basi funguo mpe Joab, nami sitakulaumu.

Zafarani msalimie. Sijui kama salamu yamtosha.

Shangazi yako,
Shariffa


Kibokoni, Mombasa
Mwezi 17 Mfunguo Tano

Kwa Shangazi yangu Bi Shariffa,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, koo tu limekauka, utajua kwa nini.

Nilishika kalamu nikuandikie ndia, ikanishinda. Naipita kila siku na sikuweza kuisema. Miguu ndiyo iijuayo. Basi nikashuka forodhani, nikasimama pale washukapo abiria, nikajiambia: mimi ni Shangazi, sijui kitu. Na nikauliza.

Mimi, Shangazi. Niliuliza watu, hapana mlango katikati.

Wa kwanza ni Charo, hamali. Nikamwambia, "Samahani, nyumba ya Bi Shariffa wa Kibokoni ni ipi?"

Akashusha gunia. "Si ndiko unakokaa?"

"Nielekeze tu."

"Jamani! Faraj kapotea!"

Wakacheka wote mpaka karani wa forodha akatoka kutazama. Lakini alinielekeza, na hivi ndivyo alivyosema. Ukitoka langoni, panda, bahari iwe mgongoni. Utakuta vyuma vya toroli vimelala chini. Tazama pande zote ndipo uvuke, wale hawasimami. Ukivuka wasikia harufu ya halua. Ifuate.

Kwa muuza halua nikauliza tena. Akaniuliza kama nimekula kitu kibaya. Kisha akasema shika uchochoro wa kushoto, ule wa mafundi wa shaba, wawasikia nyundo kabla ya kuwaona. Mafundi nao wakaacha nyundo ili wacheke vizuri. Mmoja akanionyesha kwa koleo: mbele, mpaka msikiti. Msikiti ni mweupe, Shangazi, na chini una mstari wa kijani.

Kwenye kona yupo Zafarani. Nikamuuliza. Hakucheka. Akapangusa unga mikononi, akasimama. Nikampa salamu yako. Akasema, "Nimesikia." Hakusema kama yamtosha. Kisha akanyoosha mkono. "Ndia ni hii, kulia. Mwambie akifika hapa asiogope kuuliza. Nitamjibu."

Kulia ni Hamid. Huyo alimwaga kahawa. Na watoto walikuwa washanifuata nyuma, waimba, "Faraj kapotea, kwao hakujui!" Nilipofika chini ya nyumba nikainua kichwa nikauliza tena. Bi Alawiya kwenye mlango wake wa hewani akapiga kelele, "Ni hiyo mbele ya pua yako, mwana mjinga!"

Mlango umechongwa. Nimeutazama sana. Sikuambii umechongwa nini, njoo uutazame mwenyewe.

Joab nimempa jawabu. Nimemwambia mwenye nyumba yuwarudi. Amesikitika, akaniombea heri. Amepata vyumba Shimanzi.

Sitakuja forodhani. Nitaketi barazani nakungoja. Ndia umeshaipata, na pale utakaposahau, uliza. Siku ile mtaa mzima ulinicheka mimi mpaka ukachoka. Ukija wewe kuuliza, hapana atakayecheka. Kicheko chao nimekimaliza.

Mwanao,
Faraj