Bahasha za Mama Hamira

Mama, mwaka umetimia tangu ututoke, na koti lako jeupe la maabara bado limetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Baba hataki liguswe. Anasema lina harufu ya unga uliochachuka, harufu uliyorudi nayo kila jioni.

Kwa harufu hiyo majirani walidhani unaoka, wakakuita Mama Hamira, na jina likakukaa. Laiti wangeuonja mkate wako! Ulitoka mgumu kama tofali. Baba hakukuacha hivihivi: "Mtaalamu wa hamira, mkate wa kununua!" Nawe ulicheka mpaka machozi: "Kazini nazilea, jikoni naziua. Msiniulize."

Maisha yako yote ya kazi uliifuatilia protini moja ndani ya seli za hamira, ile inayozikunjua protini nyingine zilizoharibiwa na joto. Ulitueleza mezani, ukikunjakunja kitambaa cha mkono. "Kimekunjamana. Wengine wangekitupa. Huyu wangu anakinyoosha, kinarudi kazini." Ulimwita "huyu wangu" hadi Baba akajifanya ana wivu.

Na mkono wako ulikuwa wazi. Mtafiti yeyote akiomba hamira yako, hata usiyemjua, ulidondosha tone lake kwenye kipande cha karatasi safi, ukakikausha ili hamira ilale bila kufa, ukakifunga kwa foili na kukitia kwenye bahasha. Shangazi alikugombeza: "Wifi, unagawa jasho lako! Hao watakutangulia."

"Wakinitangulia, watanipungia mkono," ukamjibu, huku unalamba stempu.

Hukuwahi kuliona hili, na heri hukuliona. Miezi miwili baada ya kukuzika, hitilafu ya umeme iliunguza chumba cha friza pale maabara. Hamira yote uliyoilea ikateketea. Mwanafunzi wako wa mwisho alikuja nyumbani, akashindwa hata kunywa maji. "Baba, Mama tumempoteza mara ya pili."

Baba ndiye aliyemwambia, "Si aligawa? Waombeni."

Wakaomba. Mama, bahasha zikaanza kurudi! Zilitoka kwa watu ambao hatujawahi kuwaona. Mmoja aliandika: "Alinipa wakati sina hata meza ya kufanyia kazi." Hazikurudi zote, lakini ya "huyu wangu" ilirudi.

Wiki iliyopita tulikwenda maabara kuiona, imeamshwa na kuoteshwa upya. Vidoa vyeupe vilikuwa vimejaa kwenye kisahani, vinene, vizima. Mwanafunzi wako akafunua kifuniko. Baba akainama, akanusa.

"Ndiye," akasema, na sote tukalia.

Wema hauozi, Mama. Tulikuwa tukiusema msemo huu bila kuufikiria.

Unakumbukwa na mumeo. Na sisi wanao, fundi umeme na mwalimu. Na wajukuu zako. Na wifi yako, ambaye siku hizi ndiye anayetununulia bahasha. Na wanafunzi wako wote.

Daima tutakukumbuka, na kila atakayeomba hamira yako atapewa.