Kisutu cha Mama na Adire ya Lagos

Mjukuu wangu Zuwena,

Huku Sib, Uarabuni, tu wazima, ila babu yako kanuna. Nimemwambia dishidasha lake, ile kanzu yake ya kila siku, limemzidi baba yako umri. Salma dada yako ndo ananiandikia, mie na kalamu hatujuani.

Unaniuliza, yule bibi wa Kiyoruba huko Lagos kakupa adire yake kongwe, kitambaa alichokitia rangi ya nili kwa mkono wake. Uikate ushone gauni, maana nyie vijana wa leo hamtaki nguo za kuvaa mara moja na kutupa, au uiweke? Umemuuliza fundi! Unguja nzima nani kanishinda mkasi?

Katika usichana wangu nlikata kisutu cha mama, kanga yake ya harusi, nikashona gauni la Idi. Nlipotoka, hata punda walisimama! Mama akaniona.

"Geuka."

Nikageuka.

"Na nyuma umekata?"

"Nimekata, mama."

Akacheka, mara akalia, kisha akasema, "Nipe kilichobaki."

Kilibaki kipande kidogo, kama kitambaa cha mkononi. Akakifunga kichwani, siku zote za Idi.

Mpaka leo sijui alinisamehe au alinikomoa. Basi ukate, usikate? Sijui, mwanangu. Ila ukishika mkasi, yule bibi akae ubavuni mwako. Mie nlikata mama kenda sokoni.

Bibi yako,
mkasi wa Unguja